Vijana wasikopeshwe mashine ya leza kabla ya kuwa na herufi za kuuza

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, imefungua tena mlango kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Maofisa maendeleo ya jamii wamezoea maombi ya bodaboda, cherehani, mashine za kutotolesha vifaranga na za kukamua alizeti. Sasa wajiandae kwa ombi la aina nyingine: mashine ya kukata kwa leza, kwa ajili ya kutengeneza mikufu ya majina, hereni zenye umbo la herufi na bangili zenye maneno ya Kiswahili.

Ombi hilo si la kipuuzi. Mkufu wa jina unauzika. Bibi harusi anautaka, mama aliyejifungua anautaka, mwanachuo anautaka, na Mtanzania anayeishi ughaibuni anautaka kuliko wote. Masonara wa Zanzibar na Dar es Salaam wameshakata majina ya watu kwenye dhahabu kwa msumeno mwembamba na tupa kwa miaka mingi, kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Kilichobadilika ni kwamba leza imeiondoa kazi hiyo kwenye dhahabu peke yake na kuileta kwenye mbao, ngozi, pembe na plastiki ngumu ya akriliki, yaani kwenye bei ambayo muuza duka wa Kariakoo au mwalimu wa Korogwe anaweza kuimudu.

Tatizo ni mpangilio wa mambo. Vikundi vingi vinataka kuanza na mashine, halafu vitafute malighafi, halafu herufi, na mwisho kabisa mteja. Ni kosa lile lile lililojaza matrekta mabovu kwenye yadi za vyama vya ushirika. Mkulima mwenye ekari 3 hahitaji kumiliki trekta. Anahitaji trekta lifike shambani siku mvua inapoanza. Na kwa leza hesabu ni hiyo hiyo.

Chukua mfano wa kikundi kinachonunua mashine ya Sh12 milioni, pamoja na kompyuta, kifaa cha kutuliza umeme na feni ya kutolea moshi. Tuseme mashine itadumu miaka 4. Uchakavu wake peke yake ni Sh250,000 kwa mwezi. Weka kodi ya chumba, umeme na posho ya mwendeshaji, jumla Sh350,000. Gharama isiyokwepeka inafika Sh600,000 kila mwezi, pawe na wateja au pasiwe nao. Mkufu ukiuzwa Sh15,000, ukitoa Sh4,000 ya malighafi, mnyororo na kifungashio, na Sh3,000 ya fundi anayesugua na kuunganisha, inabaki Sh8,000. Maana yake kikundi kiuze mikufu 75 kwa mwezi ili kisipate hasara. Na kama mkopo, hata usio na riba, unatakiwa kurejeshwa ndani ya miezi 24, rejesho ni Sh500,000 kwa mwezi badala ya ile Sh250,000 ya uchakavu, na idadi inayotakiwa inapanda hadi mikufu 107.

Sasa tazama upande wa pili. Kikundi hicho hicho kikienda kwa mwenye mashine mjini, anayekata ngao za tuzo, kadi za harusi na vibao vya ofisi, na kulipa tuseme Sh500 kwa dakika, mkufu wa dakika 3 utagharimu Sh1,500. Inabaki Sh6,500 kwa kila mkufu, kuanzia mkufu wa kwanza. Wakiuza mikufu 40 kwa mwezi, waliokodi watagawana Sh260,000, na walionunua watakuwa wamepoteza Sh280,000. Faida ya njia hizo mbili inalingana pale tu mauzo yanapofika mikufu 400 kwa mwezi. Hata hapo, mikufu 400 ni kazi ya saa 20 za mashine. Mwezi wenye siku 26 za kazi una saa 208. Mashine italala zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za muda wake.

Bei hizo ni za mfano na kila mtu anaweza kuweka za kwake, lakini itakuwa vigumu kuzipanga kwa namna itakayomfanya mnunuzi wa mashine ashinde akiwa bado hana soko.

Ipo hoja kwamba mwenye mashine anaweza kuwakatia na wengine. Ni kweli, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini huyo ni mfanyabiashara wa huduma ya kukata, si mtengeneza vito. Anatakiwa awe fundi wa mashine, ajue kubadili mrija wa leza wa kioo ambao huchoka baada ya saa elfu kadhaa za kazi, ajue kusafisha lenzi na kupanga vioo. Kazi hiyo inafaa zaidi kwa kituo cha SIDO, chuo cha VETA au mtu binafsi aliyeshiba uzoefu. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo vya namna hii hii. Mashine moja ya pamoja kwenye kila mkoa ingewahudumia watengenezaji wengi kuliko mashine 10 zilizofungiwa kwenye vyumba vya vikundi 10.

Inafaa kueleza kidogo mashine hii ni nini, maana baadhi ya wauzaji wanaipamba kupita kiasi. Leza ya kwanza duniani ilionyeshwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Leza ya hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo inayotumika kwenye mashine nyingi za kukata mbao na akriliki, ilivumbuliwa na Kumar Patel mwaka 1964. Mwali wake hauonekani kwa macho. Unayeyusha au kuunguza njia nyembamba sana, kama sehemu 1 hadi 3 za kumi za milimita, kwa kufuata mchoro ulio kwenye kompyuta. Hukata mbao, ngozi, karatasi, kitambaa na akriliki. Haukati shaba wala fedha. Kwa metali hizo inatakiwa leza ya aina nyingine, ya nyuzi za kioo, ambayo ina bei yake. Kikundi kilichoahidiwa kwamba mashine ndogo ya wati 40 itakata "kila kitu" kimedanganywa.

Aidha, kuna vitu ambavyo mashine inaweza kukata lakini mtu hapaswi kujaribu. Plastiki ya PVC hutoa hewa ya asidi inayochoma koo na kutia kutu ndani ya mashine. Ngozi iliyolainishwa kwa kromiamu nayo hutoa moshi wenye sumu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kipande kimeharibika, na akriliki iliyoachwa bila mtu wa kuiangalia inaweza kushika moto.

Suala hilo la ngozi ndilo linalopaswa kuwagusa wasomaji wa kurasa za kilimo. Ngozi salama kwa leza ni ile iliyosindikwa kwa maganda ya miti, na mti maarufu kwa kazi hiyo ni muwati. Njombe inaujua mti huo vizuri. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa huko mwaka 1949 kwa ajili yake. Nchi hii ina mamilioni ya ng'ombe, ina miwati, na ina wasindikaji wadogo wanaotumia maganda. Hereni moja yenye umbo la herufi hutumia kipande cha ngozi kisichozidi kiganja cha mtoto, kipande ambacho fundi viatu angekitupa. Thamani ya kilo moja ya ngozi ghafi machinjioni na thamani ya kilo hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa hereni haziwezi kukaa kwenye mizani moja.

Pembe nazo ni hivyo hivyo, ingawa zina ukaidi wake. Pembe hupashwa moto na kubanwa hadi inyooke kuwa bapa kabla ya kukatwa, na leza ikiigusa inanuka kama nywele zilizoungua, kwa sababu pembe na nywele ni kitu cha asili moja. Kingo zake hubaki nyeusi na lazima zisuguliwe kwa msasa. Kifuu cha nazi kimepinda, na leza hukata vizuri kwenye kitu kilicho bapa tu, hivyo kinafaa kwa herufi ndogo moja moja, si kwa jina zima. Masalia ya mbao za mtiki kutoka mashamba ya Longuza na Mtibwa ni mazuri zaidi kwa anayeanza.

Mpingo unahitaji tahadhari. Jamii yote ya miti hiyo iliwekwa kwenye udhibiti wa biashara ya kimataifa wa CITES tangu Januari 2017. Mkutano wa mwaka 2019 ulilegeza masharti kwa bidhaa zilizokamilika ambazo mbao yake haizidi kilo 10 kwa mzigo, na hereni za mpingo zinaingia humo bila shida. Lakini msamaha huo haumwondolei mtu wajibu wa kuonyesha kwamba mbao aliipata kwa kibali hapa nchini. Anayenunua vipande vya mpingo kwa wachongaji aombe risiti, hata kama wachongaji watamcheka.

Baada ya malighafi ndipo yanakuja mambo ya herufi, na hapa ndipo vikundi vingi havijafika kabisa. Herufi si kitu kinachotoka hewani. Kila mtindo wa herufi ulio kwenye kompyuta umechorwa na mtu, na mingi inauzwa kwa leseni. Kijana anayepakua fonti ya bure na kuitumia kwenye bidhaa za kuuza huenda anavunja masharti, kwa sababu "bure" mara nyingi humaanisha bure kwa matumizi binafsi. Zipo fonti nyingi zilizotolewa chini ya leseni huria ambazo mtu anaweza kuzitumia kibiashara bila kulipa. Tofauti ya hizo mbili iko kwenye ukurasa mmoja wa maelezo ambao karibu hakuna anayeusoma.

Halafu kuna mambo ya Kiswahili chenyewe. Karibu kila neno la Kiswahili humalizika kwa irabu. Kati ya irabu tano, a, e na o zina tundu katikati, na i ina nukta inayoelea juu peke yake. Ni u tu isiyosumbua. Ukikata jina ndani ya bamba ili herufi ziwe uwazi, vile visiwa vya katikati ya a na o vitadondoka, na herufi itabaki shimo lisilosomeka. Ukikata herufi zenyewe ili zining'inie kwenye mnyororo, tundu si tatizo tena, lakini nukta ya i haina pa kushikilia na itaanguka mezani. Jina kama Hadija lina nukta mbili zinazofuatana. Zaituni lina mbili pia. Fundi lazima azishikishe kwenye herufi, aziunganishe kwa mstari juu, au atumie herufi kubwa tupu. Mistari myembamba ya chini ya milimita 2 nayo hukatika kwa urahisi kwenye akriliki, hivyo zile herufi za mikunjo ya kupendeza zinazoonekana nzuri kwenye kioo cha kompyuta hurudi kwa mteja zikiwa vipande viwili. Fonti zilizotengenezwa kwa kuangalia Kiingereza hazikufikiria haya.

Nani basi wa kuzichora herufi za Kiswahili? Watu hao wapo, na wengi wao hawana kazi. Ni mafundi wa kuandika mabango: wale waliokuwa wakiandika kwa brashi majina ya maduka, saluni, malori na mashua. Mabango ya kuchapwa kwa mashine yamewapokonya riziki yao. Fundi wa namna hiyo anajua kuunganisha herufi bila kuinua mkono, anajua unene unaosomeka kwa mbali, na mwandiko wake hauna mwenye leseni zaidi ya yeye mwenyewe. Kikundi kikimlipa achore herufi zote (Kiswahili hakihitaji hata q wala x), kikazipiga picha na kuziingiza kwenye kompyuta, kitakuwa na kitu ambacho hakipatikani Guangzhou. Ni uwekezaji mdogo kuliko bei ya mrija mmoja wa leza. Mchoraji naye apewe mkataba wa maandishi, na ikiwezekana kiasi kidogo kwa kila mkufu unaouzwa, kama mkulima wa mbegu anavyotakiwa kulipwa kwa mbegu yake.

Kanga ni somo jingine lililo wazi. Nguo hiyo ina mji, ina pindo, na ina jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, na mara nyingi ni jina ndilo linaloiuza. Duka la familia ya Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, linalofahamika kwa alama ya Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887, na mpaka leo jina kwenye kanga ni jambo la kuchaguliwa kwa uangalifu. Hakuna muuza kanga anayeamini kwamba mitambo ya kuchapia ndiyo biashara yake.

Kwa wanaotaka mfano wa nje, upo wa London. Harriet Vine na Rosie Wolfenden walianzisha Tatty Devine mwaka 1999 wakitoka kwenye masomo ya sanaa. Hawakuanza na leza. Walianza na vipande vya sampuli za ngozi vilivyotupwa, wakavigeuza kuwa bangili na kuziuza sokoni. Akriliki na leza zilikuja baadaye, na mkufu wa jina uliokatwa kwa akriliki ndio uliowapa umaarufu. Vipande hukatwa na mashine, kisha huunganishwa kwa mkono. Mwaka 2012 walijitokeza hadharani kulalamika kuwa mnyororo mkubwa wa maduka unauza vito vinavyofanana na vyao. Wateja waliwatetea kwa sauti kubwa, na wangeweza kufanya hivyo kwa sababu walikuwa wanaufahamu mkono wa watengenezaji. Mwaka uliofuata wote wawili walitunukiwa nishani ya MBE.

Kisa hicho kinaonyesha hatari halisi iliyoko mbele ya vikundi vya hapa. Mchoro wa leza ni faili dogo. Mwendeshaji wa mashine ya kukodi anaweza kulinakili kwa sekunde mbili na kumuuzia jirani yako. Hii ndiyo hoja pekee nzito ya kumiliki mashine, na haipaswi kubezwa. Hata hivyo, tiba yake ya kwanza ni makubaliano ya maandishi na mwenye mashine, na kukaa pale pale wakati wa kukata na kuondoka na faili lako. Tiba ya pili ni usajili. Mchoro ni kazi ya sanaa inayolindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na umbo la bidhaa linaweza kuombewa ulinzi kupitia ARIPO yenye makao yake Harare. Tiba ya tatu, ambayo wengi huidharau, ni kutoa mtindo mpya kabla wezi hawajamaliza kuuza ule wa zamani.

Kuna swali ambalo wateja huuliza kwenye maonyesho ya Sabasaba, na wauzaji hulijibu kwa kubabaika: kama kimekatwa na mashine, mbona kimeandikwa kazi ya mikono? Kubabaika huko hakuna sababu. Mashine inakata kwa dakika 3. Baada ya hapo mtu anabandua karatasi ya kinga, anafuta masizi, anasugua kingo kwa msasa wa ngazi tatu au nne, anang'arisha, anatoboa, anafungua vipete vidogo kwa koleo mbili na kuvifunga bila kuacha mwanya unaonasa nywele. Kahawa ya Kilimanjaro huchumwa kwa mkono punje moja moja na kumenywa kwa mashine, na hakuna mnunuzi anayelalamika. Kinachotakiwa ni kusema ukweli kwenye lebo: imekatwa kwa leza, imekamilishwa kwa mkono, mbao ni mtiki, herufi zimechorwa na fulani. Lebo ya namna hiyo inauza kuliko neno "asili" ambalo kila mtu analitumia.

Ukamilishaji huo ndio wenye ajira. Mashine moja inahitaji mwendeshaji mmoja. Mikufu 400 inahitaji mikono mingi ya kusugua na kuunganisha, na ni kazi inayoweza kufanywa nyumbani na mama mwenye mtoto mgongoni au kijana anayetumia kiti cha magurudumu, yaani watu wale wale ambao fedha za halmashauri zimetengwa kwa ajili yao. Kununua mashine kwa mkopo wote na kubaki bila hata shilingi ya kununua msasa, minyororo na vifungashio ni kuwaweka watu hao nje ya mradi wao wenyewe.

Kamati za mikopo za halmashauri zinaweza kulimaliza jambo hili bila waraka mpya kutoka Dodoma. Kikundi kinachoomba mashine ya leza kiombwe kwanza kije na mikufu 50 iliyokatwa kwenye mashine ya kukodi, herufi zake zilizochorwa na mtu anayejulikana kwa jina, risiti za malighafi, na daftari linaloonyesha nani alinunua, lini, na kwa shilingi ngapi. Kisichokuwa na daftari hilo kipewe mtaji wa kukodi, hata Sh1 milioni tu, na kiambiwe kirudi baada ya miezi sita.